Kitanda cha Bi Mwanasha Kule Lanzhou

Afnan alipopata nafasi ya kwenda kusoma mwaka mmoja Uchina, katika mji wa Xi'an, mama yake, Bi Mwanasha, hakulia uwanja wa ndege. Alirudi nyumbani Muthangari, akavua viatu, akapanda juu ya kiti na kusogeza saa ya ukutani saa tano mbele. Akasema mwanawe hatakula peke yake katika nchi ya watu.

Mimi, mfanyakazi wa nyumba ile, nilidhani ni uchungu wa siku ya kwanza. Lakini saa ile haikurudishwa, na nyumba nzima ikaifuata. Chakula cha jioni tukawa tunakula mchana, kwa sababu huko Xi'an jua lilikuwa linatua. Nilifunga mapazia, nikawasha taa, nikapakua wali. Watoto wa jirani walipokuwa wanatoka shule wakipiga kelele, sisi tulikuwa tunatakiana usiku mwema. Swala tu ndizo zilizobaki Nairobi, kwa sababu, Bi Mwanasha alisema, jua halidanganyiki.

Mapumziko yangu ya Jumapili nayo yakahamia Uchina. Yalianza Jumamosi giza likiingia, kwa hiyo nilifika kanisani Riruta nikakuta watu wanafagia na kupanga viti. Mchungaji akanisifu kwa moyo wa kujitolea, akanipa ufagio.

Bwana Taib, mume wa Bi Mwanasha, alikataa kuhama. Ana duka la vitambaa mjini na alisema wateja wake wote wako Nairobi. Alitoka asubuhi mkewe akiwa anakula chakula cha mchana, akarudi akakuta amelala. Siku za mapumziko walipokutana kwenye ngazi walisalimiana vizuri sana, kama watu waliojuana safarini.

Kazi yangu mezani ilikuwa kushika simu. Bi Mwanasha anakula kwa mkono na hakutaka kioo kipakwe mchuzi, basi nilisimama mbele yake nimeielekeza usoni kwake. Huko Xi'an, Afnan aliegemeza simu yake kwenye chupa ya siki, katika bwalo la wanafunzi Waislamu, wakala pamoja. Mimi niliona mgongo wa simu tu. Uchina niliijua kwa masikio: sahani za bati, watu wengi wakiongea kwa pamoja, na mtu anayepiga unga mezani, pa, pa, akivuta tambi kwa mikono.

Siku moja msichana aliyeitwa Ma Lan, Muislamu kutoka mji wa Lanzhou, alikuja kuona Afnan anaongea na nani. Bi Mwanasha akamwuliza, Afnan akitafsiri, kwa nini amekonda hivyo, na kama mama yake anajua. Kesho yake Ma Lan akaja na wenzake wawili. Kulikuwa na kijana aliyebakisha wali kwenye sahani. Bi Mwanasha akamkaripia kwa Kiswahili. Afnan akaona haya, akakataa kutafsiri, lakini yule kijana alielewa akala wali wote. Siku iliyofuata akamleta rafiki yake naye akaripiwe.

Mitihani ilipokaribia walipanga foleni ili waombewe dua, hata wale wasio na dini. Mmoja alisema akiba haiozi. Baada ya kula walimchukua Bi Mwanasha wakazunguka naye uwanja wa mbio, wakipokezana simu, kila mtu akimweleza mambo ya kwao. Walijua goti lake gani linauma. Afnan anasomea nini, hawakujua.

Jioni moja ya Uchina, Bi Mwanasha akiwa bafuni, Afnan alinipigia kwenye simu yangu. Nilikuwa naosha sufuria. Katika nyumba ile, Afnan ndiye mtu pekee niliyekuwa nazungumza naye bila kutazama chini.

"Peres, wamemwalika Lanzhou," akasema.

"Nani?"

"Mama. Likizo ikianza tunaenda kwa kina Ma Lan na treni. Mamake ametandika kitanda cha Mama. Ameweka shuka mpya za maua."

Nikamwuliza yeye atalala wapi.

"Mimi nimewekewa godoro chini, hapo kando, ili usiku nimchaji. Simu italala kitandani, Peres. Mimi nitalala chini."

Nikataka kucheka, lakini nikasikia anapenga kamasi. Aliniambia tangu aende huko hajawahi kukaa na Ma Lan wakiwa wawili. Alimpenda msichana yule, na alidhani wangeweza kuwa marafiki kama wangepata nafasi. Na nafasi ndiyo hiyo safari, kwa sababu likizo ikiisha Ma Lan anahamia chuo cha mji mwingine.

"Ongea na Mama," akasema.

"Mimi?"

"Si wewe ndiye unamshika?"

Mimi si mtu wa kuongea. Hata chumvi ikikosekana mezani huwa naileta kimya. Kwa hiyo nilichomoa waya wa intaneti nyuma ya televisheni, nikaenda kupiga pasi.

Bi Mwanasha akampigia fundi aitwaye Muindi, aliyekuja na pikipiki kutoka mtaa wa Jamhuri. Muindi alitazama nyuma ya televisheni, akanitazama, akatazama tena nyuma ya televisheni.

"Madam, ni panya," akasema.

"Panya amechomoa waya?"

"Panya wa siku hizi wamesoma."

Akaurudisha. Mlangoni akaniambia polepole nisimharibie kazi, yeye ana wateja mpaka Kawangware. Jioni ile, yaani mchana, Bi Mwanasha aliwasimulia wanafunzi habari za panya, na kijana wa wali akajitolea kumtumia paka.

Safari ilipokaribia nilitumwa mjini kuchukua sweta, kwa maana Lanzhou kuna baridi. Nikapitia dukani kwa Bwana Taib. Nilisimama nyuma ya wanawake waliokuwa wanachagua leso mpaka wakaisha, ndipo nikamwambia yote. Nikamwomba azungumze na mkewe.

Akakunja kitambaa polepole. "Peres, mwanangu, mimi na mke wangu hatuko nchi moja. Nitaingiliaje mambo ya huko?" Akanipa mita mbili za kitambaa cha maua nimpelekee mama yake Ma Lan. Alidhani Bi Mwanasha angekifikisha.

Nilirudi na sweta. Bi Mwanasha akaivaa palepale. Sanduku lilikuwa wazi kitandani, limeshajaa: soksi, dawa ya goti, mkeka wa kuswalia. Nikamwuliza kwa sauti ndogo sanduku linakwenda wapi. Akanitazama kwa huruma. "Mtu haendi kwa watu mikono mitupu," akasema.

Tulikaa mezani kwa chakula cha mwisho kabla ya safari. Mapazia yalifungwa, taa ziliwaka, na yeye alikuwa amevaa sweta, jasho linamtoka. Nilishika simu. Huko wote walikuwapo, nawasikia. Ma Lan alisema kwa Kiswahili alichojifunza, neno moja moja, kwamba mama yake amechinja kondoo na majirani wameambiwa. Wakapiga makofi. Sauti ya Afnan sikuisikia.

Mkono wangu ukaanza kutetemeka. Sikuweza kuuzuia. Huko Xi'an makelele yakazidi, na Ma Lan akauliza kama Nairobi kuna tetemeko la ardhi.

"Peres, shika vizuri, wanakimbia chini ya meza," Bi Mwanasha akasema.

"Mama, usiende."

"Nisiende wapi?"

"Lanzhou. Ukienda, Afnan hatakuwa amekwenda. Atakuwa amekubeba tu."

Alikuwa na tonge mkononi. Akalirudisha kwenye sahani. "Amekwambia yeye?"

Nikageuza simu ili nimwone Afnan. Ndiyo mara ya kwanza niliona bwalo lile: lilikuwa dogo kuliko sauti zake. Afnan alikuwa ameinamia bakuli.

"Ndiyo, mama," nikasema.

"Mimi nilifanya haya kwa sababu hana rafiki huko."

"Bado hana. Wewe ndiye unao."

Nilingoja aniambie nikafungashe nguo zangu. Bi Mwanasha akanyoosha mkono, kwa mara ya kwanza mezani akashika simu mwenyewe, mchuzi ukapaka kioo chote.

"Afnan. Mwambie Ma Lan amshukuru mamake sana. Mwambie nimeshikwa na kazi huku. Kile kitanda ukilalie wewe. Na usinipigie mpaka urudi. Ukipiga sitashika."

Akakata. Akavua sweta, akafungua mapazia, na mchana wote wa Muthangari ukaingia mara moja, tukafumba macho. Wali ulikuwa bado unatoa mvuke. Aliutazama muda mrefu, akasema hawezi kula mtu akiwa amemsimamia, nikae. Nikakaa kwenye kiti cha Afnan. Sikujua mikono niiweke wapi sasa ambapo haikuwa na simu.

"Mama yako yuko wapi?" akaniuliza.

"Butere."

"Anakula saa ngapi?"

"Akitoka shambani."

"Na anatoka saa ngapi?"

Nikamwambia msimu huu hutoka mvua ikianza. Akaniambia nimpigie nimwulize kama imeanza. Nikampigia. Mama akashika kwa hofu akauliza nani amekufa. Nikasema hakuna, ni mvua tu naulizia. Akasema bado, mawingu yapo ila yako mbali, nami nimwache apalilie.

Nilimweleza Bi Mwanasha. Akafunika wali kwa kawa, akafunika na samaki.

"Basi tungoje mvua," akasema. "Hawezi kula peke yake."

Nilitaka kumwambia kwamba kule wanakula watu tisa kwenye sinia moja. Lakini siku hiyo nilikuwa nimeshaongea vya kutosha. Akaniuliza Butere iko upande gani. Nikaonyesha kwenye friji. Bi Mwanasha akageuza kiti chake, nami nikageuza changu, tukakaa tunatazama friji.