Kichochoro cha Ngamia

Ukitaka kujua ni bwana gani wa majumba ya Lavington aliyelala sebuleni wiki nzima baada ya kufungiwa mlango na mkewe, simu haikukusaidia. Ulihitaji sahani ya maharagwe ya madondo na nafasi kwenye benchi la Mama Kavindu. Kibanda chake cha mabati kilikaa ukingoni mwa barabara pale Muthangari, kimeegemea ukuta wa mtaa wa nyumba kumi na nane, na saa saba mchana kilijaa hadi watu wakala wamesimama. Walikuja walinzi, wakulima wa bustani, madereva, na akina dada wa jikoni waliotumwa dukani wakaona heri wapitie pale kwanza. Kila mmoja alibeba habari za ukuta wake. Aliyeingia na njaa alitoka ameshiba mara mbili.

Katikati ya benchi, penye kivuli, aliketi Mwalimu Kitavi. Alifundisha historia miaka thelathini na mmoja, akastaafu, akafiwa na mke, akabaki peke yake katika nyumba namba tisa ndani ya ukuta ule. Wakazi walimchagua mwenyekiti wa chama chao kwa sababu alikuwa na muda, na alijua kuandika barua. Watu walidhani anafuata chapati za Mama Kavindu. Chapati zilikuwa nzuri, hakuna ubishi, lakini ukweli ni kwamba pale ndipo darasa lake la mwisho lilipobaki. Nyumbani alikuwa na kochi na runinga. Pale alikuwa na watu.

Umbea wake yeye ulikuwa wa zamani, nao waliupenda kuliko wa jana.

"Mwalimu, tupe ile ya pua," Mutiso alisema. Mutiso alikuwa mlinzi wa geti la mtaa huo huo, na hadithi aliijua kama anavyojua namba za magari.

"Hoa," Mwalimu alianza, akipangusa midomo. "Samuel Hoare. Waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, mwaka wa thelathini na tano. Septemba anasimama Geneva mbele ya mataifa, anasema mdogo akivamiwa, Uingereza itasimama na wenzake kumtetea. Makofi. Oktoba Mussolini anaingia Uhabeshi."

"Wakamfanyia nini?"

"Vikwazo. Wakamnyima hiki na kile. Mafuta wakamwachia."

"Na malori yake ya vita yalikuwa yanakunywa nini, uji?" akauliza Ephantus, mkulima wa bustani mbili za Lavington, na benchi likacheka pale pale linapochekaga.

"Desemba, Hoa anapitia Paris akienda likizo. Anakaa na mwenzake Mfaransa, Laval, wanatandaza ramani. Wanamkatia Mussolini vipande vinono. Mwenye nchi hakuitwa."

"Na mwenye nchi akabakishiwa nini?" Hapo alikuwa anauliza Mama Kavindu kila mara, mwiko mkononi, ingawa jibu alilijua.

"Kijia chembamba cha kufikia bahari. Na hata reli asijenge. Waingereza wenyewe walikicheka, wakakiita kichochoro cha ngamia. Magazeti ya Paris yakaanika siri yote, na Hoa yuko Uswisi anateleza kwenye barafu. Akaanguka, akavunjika pua."

"Mungu halali," alisema Ephantus.

"Ngoja. Akarudi London na bendeji, akajiuzulu. Miezi sita tu, wakamrudisha. Wakampa jeshi la majini."

Hapo ndipo mtu alipokuwa anafyonya. Halafu sahani zinakusanywa, kila mtu anarudi kwenye ukuta wake.

Mambo yangeendelea hivyo kama Lenox Mbugua hangenunua kiwanja cha jirani. Alitaka kuinua fleti za ghorofa kumi na nne, na malori ya mjengo yalihitaji pa kuingilia. Akaudai ukingo wote wa barabara, kuanzia kibanda cha Mama Kavindu mpaka kwenye maua ya wakazi na geti lao dogo la watembea kwa miguu. Karatasi anazo, alisema. Kama kweli anazo hakuna aliyejua, lakini alizitaja kwa sauti ya mtu asiyeombwa kuzionyesha.

Wakazi wakaingiwa na baridi. Wakamtuma Mwalimu na Virginia, katibu wa chama, wakaongee naye kwa amani. Mkutano ukapangwa Jumamosi saa nne asubuhi, nyumbani kwa Lenox, Lavington. Virginia, mwanamke wa kupanga mambo, akaagiza chapati ishirini za kunywea chai. Za nani? Za Mama Kavindu. Akaambiwa azilete mwenyewe zikiwa moto.

Lenox aliwapokea vizuri. Alikuwa mtu wa maneno laini na vidole vinene.

"Mwalimu, wewe unajua historia," alisema akimimina chai. "Babu yangu alilima hapa kabla mzungu hajajenga hizi kuta. Aliondolewa akiwa na panga lake na sufuria moja tu. Sasa mimi mjukuu wake ndio mnaniuliza mambo ya ukingo wa barabara?"

Mwalimu alikuwa na jibu. Angemwambia kwamba babu yake na Mama Kavindu wangekaa benchi moja. Lakini chai ilikuwa nzuri, na yule mtu alimwita msomi mara tatu. Wakatandaza ramani. Saa sita haijafika, walikuwa wamekubaliana. Maua yatabaki. Geti dogo litabaki. Mahali pa kibanda patakuwa njia ya malori. Mama Kavindu ataachiwa kipande kando ya ukuta, mita moja na nusu kwa upana, aweke meza. Moto hapana, kwa sababu ya usalama wa mjengo.

Wavinya, dada wa kazi wa nyumba ile, aliingia na kutoka na birika. Kila alipofungua mlango wa jikoni, Mwalimu aliona stuli, na juu ya stuli magoti mawili yamefunikwa leso ya maua ya manjano. Mama Kavindu alikuwa anangoja arudishiwe beseni lake la chapati. Hatua sita hivi. Angeweza kumwita. Alisema moyoni, nitamweleza mwenyewe, taratibu, kwa lugha ya nyumbani, asije akaaibika mbele ya watu. Akatia sahihi kwa kalamu ya Lenox, ambayo ilikuwa nzito kuliko alivyotazamia.

Mchana huo huo akapanda gari kwenda Kitui, kwenye sherehe ya mbuzi wa posa ya mpwa wake. Alikula, alicheka, alitoa nasaha kwa vijana. Hakuteleza popote.

Jumatatu saa saba alitoka getini, na benchi likanyamaza. Kwa watu wale, kunyamaza kulikuwa ugonjwa. Wavinya alikuwa ameshapita na birika lake la pili, lile la maneno, na Muthangari yote ilikuwa imekunywa.

"Karibu, Mwalimu," alisema Mutiso bila kusogea kumpisha. "Pua iko salama?"

Hakuna aliyecheka. Ephantus aliangalia sahani yake.

Mama Kavindu hakupiga kelele. Alimpakulia kama kawaida, madondo na chapati mbili, akamwekea kikombe chake cha bati chenye ukingo wa buluu, kile ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukinywea. Halafu akatoa kamba ya katani mfukoni mwa aproni. Ilikuwa na mafundo mawili. Akaitandaza chini, kuanzia ukutani.

"Mutiso amenipimia. Ndiyo hii?"

"Mama Kavindu, sikiliza kwanza..."

"Nauliza tu. Ndiyo hii?"

"Ndiyo."

"Na jiko hapana."

"Jiko wamekataa. Lakini unaweza kupikia nyumbani, ukaleta..."

"Nyumbani ni Kangemi, Mwalimu. Watu wangu wanakula moto." Aliitazama kamba. "Na ngamia je, wamemkubali?"

Mwalimu alikiweka kikombe chini. "Nilikuwa najaribu kukuokolea kitu. Huyo mtu angechukua yote."

"Labda angechukua. Mimi sijui karatasi. Lakini nilikuwa jikoni. Ulikuwa unaniona." Akaiokota kamba, akaanza kuikunja. "Ungeniita ningesema hapana. Ni neno moja tu. Hiyo 'ndiyo' yangu uliyompa, uliitoa wapi?"

Miaka thelathini na mmoja ya kuuliza wanafunzi maswali, na hilo la mama wa chapati lilimpita.

Kufikia jioni kundi la simu la wakazi lilikuwa linawaka. Watu ambao hawajawahi kununua hata chai pale kibandani waliandika kwa herufi kubwa kuhusu haki za mwanamke wa Kiafrika. Walisema mwenyekiti amewaaibisha. Virginia, ambaye sahihi yake ilikuwa chini ya ile ya Mwalimu, alituma picha ya mkono uliofumbata moyo.

Alhamisi wakakutana uwanjani, penye maegesho, na Mwalimu akajiuzulu. Alitoa hotuba nzuri. Alisema aliona vita vinakuja na hakuna aliyekuwa tayari kupigana, kwa hiyo alichukua kile kidogo kilichowezekana. Wengine walifuta machozi, kisha wakampigia makofi marefu. Mkataba ukachanwa mbele ya wote. Mama Kavindu alitazama kupitia mianya ya geti, kwa sababu hakuwa mkazi.

Chama kikamwandikia Lenox barua kali ya kulaani. Kikapiga marufuku wafanyakazi wake kutumia choo cha mtaa, na malori yake kuegesha ndani. Kuhusu maji ya kisima cha wakazi, ambayo Lenox alikuwa ameanza kuyatumia kuchanganyia zege, wakaona wasiharakishe. Pampu ilikuwa mbovu, na yeye ndiye aliyekuwa ameahidi kuitengeneza.

Mwalimu aliisoma barua ile nyumbani, akatafuta neno maji mara mbili. Halikuwepo. Aliikunja, akaiweka chini ya runinga.

Tingatinga lilikuja Jumanne saa nne, jua limetoka vizuri. Halikuja na ramani yoyote. Lilichukua kibanda, likachukua kichochoro, likachukua maua na geti dogo pia, maana sasa hakukuwa na mkataba wa kumzuia mtu. Wakazi walisimama kwenye roshani zao wakirekodi kwa simu. Mutiso alisimama getini na rungu lake. Kazi yake iliandikwa wazi: kulinda ndani ya ukuta.

Mama Kavindu alikuwa ameshatoa sufuria na benchi. Mwalimu alishuka akiwa na sweta, akasimama kando yake kwenye vumbi. Hakujua aweke wapi mikono.

"Utaenda wapi?"

"Nina dada ana meza Kangemi, anauza nguo za mtumba. Atanipa pembeni kidogo." Alikuwa anafunga miiko kwa ile kamba yenye mafundo mawili. "Mwanangu Kavindu yuko kidato cha tatu. Historia anapata vizuri. Wewe ndiye uliyemfundisha hapa benchini, unakumbuka?"

Alikumbuka. Akatafuta la kusema, na katika vyote alivyokuwa navyo akaokota kibaya zaidi.

"Yule mfalme wa Uhabeshi, Mama Kavindu. Alirudi kwake baada ya miaka mitano."

Mama Kavindu alimtazama bila hasira hata, vile mtu anavyotazama mtoto wa mwenzake aliyevunja kitu.

"Yule alikuwa na nyumba Uingereza ya kungojea," alisema. Akachukua kikombe cha bati juu ya rundo, akakipangusa kwa leso, akampa. "Hiki ni chako."

Ephantus na mwenzake wakabeba benchi upande huu na upande huu, naye akatangulia na sufuria, wakaenda kwa miguu kuelekea Kangemi. Ukuta ulipoishia hawakugeuka.

Fleti zikapanda. Saa saba mchana, walinzi wakala mkate mkavu na soda, kila mmoja kwenye geti lake. Lavington ikabaki na siri zake zote bila mtu wa kuambiwa. Mwalimu alijipikia. Alizoea, au alisema amezoea. Mara moja alikwenda Kangemi, akaliona lile benchi kwa mbali likiwa na marobota ya nguo juu yake, akarudi.

Baada ya miezi sita Virginia akabisha namba tisa, amebeba keki.

"Mwalimu, watu wamekukosa," alisema. "Yale yalishapita. Bwana Lenox sasa ni jirani mwema, ametengeneza pampu. Tunaunda kamati ya maji, na tumekaa tukasema hakuna mwingine wa kuiongoza."

"Nitafikiria," alisema. Lakini mkono ulikuwa umeshachukua kipande cha keki, na nyumba ilikuwa kimya kwa siku nyingi mno. Kabla Virginia hajafika mlangoni alimwita, akamwuliza kikao cha kwanza ni siku gani.

Kesho yake alitoka kwenda kununua daftari la kamati. Mutiso alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki, mkate nusu mkononi. Habari, bila shaka, ilikuwa imeshamfikia.

"Nasikia wamekupa maji," alisema.

"Kamati ya maji. Ndiyo."

Mwalimu akangoja. Kwa kweli alikuwa anangoja kicheko, hata cha kumdhihaki, au mtu afyonye tu kama zamani, ajue bado yumo katika hadithi pamoja na wenzake. Mutiso aliweka mkate chini juu ya karatasi. Akasimama, akakung'uta makombo kwenye sare, akafungua geti lote kubwa kana kwamba gari linapita. Halafu akampigia saluti, ile ya mabwana wa Lavington, ambayo miaka yote hakuwahi kumpigia.