Lita Nne Zisizo na Safari

Mtaa mzima ulimwita Mizani, na wala si kwa kumdhihaki. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mkaguzi wa vipimo. Akiingia dukani na kisanduku chake cha mawe ya chuma, muuza sukari alianza kutoka jasho kabla hajaulizwa kitu. Alikagua mizani, futi za wauza vitambaa, pampu za mafuta. Kisha wakamstaafisha, wakampa saa ya ukutani na maneno matamu, akarudi nyumbani mikono haina kazi na macho ni yaleyale. Mtu wa namna hiyo utamweka wapi, jamani? Nyumbani kulikuwa na kitu kimoja tu cha kupimwa, nacho ni gari.

Lilikuwa gari dogo la familia, la kijivu, kiti cha nyuma bado kina doa la juisi iliyomwagwa na watoto ambao sasa wana watoto wao. Aliyelitumia ni mkewe, mkunga wa hospitali: kilometa kumi na moja kwenda kazini, kumi na moja kurudi, siku tano kwa wiki. Kitabu cha gari kilidai kwamba lita moja ingelipeleka kilometa kumi na nane. Mizani alicheka alipokisoma. "Labda kwenye mteremko, na dereva awe hajala tangu jana," alisema. Akajaza tangi mpaka shingoni, akaandika namba za kilometa kwenye daftari. Jumamosi iliyofuata akajaza tena, pampu ileile, akagawanya. Kumi na nne. Akaridhika, maana kumi na nne ilikuwa namba yenye akili timamu.

Ili hesabu isiteleze, akajiwekea utaratibu. Kila alasiri mkewe akipiga honi, Mizani keshafika getini, miwani puani, kalamu sikioni, daftari wazi. "Ngapi?" anauliza. Mkewe anasoma namba kwenye dashibodi, yeye anaandika, na saa anaandika. "Kiyoyozi uliwasha? Kulikuwa na foleni? Ulipakia mtu?" Yakishajibiwa hayo ndipo geti linafunguliwa. Alilifanya hilo kwa moyo mweupe kabisa, akaamini kwamba anampunguzia mwenzake mzigo wa kufikiria gari.

Mwezi wa pili mambo yakageuka. Lita moja ikaenda kilometa kumi na mbili. Wiki iliyofuata kumi na moja. Ikashuka, ikashuka, ikatua kwenye tisa na kidogo, ikaganda hapo. Mizani aligawanya mara nne, akabadilisha kalamu, akagawanya tena. Kilometa zilikuwa zilezile, mia moja na kumi kwa wiki, haikuongezeka hata moja. Mafuta ndiyo yaliyokuwa yakitoweka. Kila wiki lita nne nzima ziliingia tangini na hazikwenda popote.

Loo! Huyu ni mtu aliyewahi kuifunga pampu kwa sababu ilipunja kijiko kimoja kwenye lita, leo anachezewa shere kwenye uwanja wake mwenyewe! Aliingia chini ya gari na tochi, akanusa kila bomba. Alitandika gazeti chini ya tangi kutafuta tone, na asubuhi akalikuta kavu. Alikwenda kituo cha mafuta na ndoo yake ya kipimo, pampu ikakutwa haina kosa, na mhudumu aliyemfahamu tangu zamani akamwuliza, "Mzee, si ulistaafu?" Alijaza upepo matairi. Akatoa kwenye buti makopo mawili ya rangi yaliyosahaulika humo tangu walipopaka jiko. Jumamosi akagawanya: tisa.

"Unaendeshaje siku hizi?" alimwuliza mkewe mezani.

"Kwa mikono na miguu."

"Hapana, nauliza kwa wema tu. Hukanyagi sana?"

"Baba watoto, ni foleni. Foleni imezidi. Nisogezee chumvi."

Foleni! Moyo ulimtulia kidogo, kwa kuwa foleni ni kitu kinachoeleweka. Lakini wiki hiyohiyo mkewe alichukua likizo akaenda kumsaidia binti yao aliyejifungua, akaliacha gari. Mizani hakulaza damu. Siku tano mfululizo aliliendesha mpaka lango la hospitali, akaondoka hapo saa tisa kamili, saa ambayo mkewe huwa anatoka kazini, akarudi kwa njia ileile. Foleni ilikuwepo, kweli. Lakini kila siku alifika nyumbani saa tisa na nusu. Alipojaza tangi Jumamosi akapata kumi na tatu na nukta nane. Gari lilikuwa lilelile na barabara ileile. Akafungua daftari kwenye kurasa za nyuma, akaangalia saa alizokuwa akiziandika getini. Saa kumi na dakika ishirini. Saa kumi na robo. Saa kumi na dakika ishirini na tano.

Mizani alilifunga daftari. Akalipeleka gari kwa fundi wake, mwanamama mmoja mnene mwenye ovaroli iliyopauka, ambaye hajawahi kumwonea mteja haya. Fundi alifungua boneti, akasikiliza injini, akachomoa plagi, akazirudisha.

"Gari lako zima, Mzee Mizani. Lina afya kuliko mimi na wewe tukiunganishwa."

"Sasa mafuta yanakwenda wapi, mama? Nieleze kama unavyomweleza mjinga."

"Hayaendi. Yanaungulia palepale. Gari likisimama injini imewaka na kiyoyozi kinapuliza, linakunywa karibu lita moja kwa saa, na kilometa hazisogei." Fundi akafuta mikono kwa tambara, taratibu kuliko kawaida. "Kuna mahali linasimama, mzee. Hilo siwezi kukufungulia kwa spana."

Mizani alirudi akiendesha mwendo wa maharusi. Dakika hamsini kila siku! Linasimama wapi? Na nani yuko ndani? Tuseme tu ukweli: mzee wa watu aliona wivu, wivu mbichi wa kijana wa miaka ishirini, na chini ya wivu huo kulikuwa na woga. Alipapeleleza nyumbani kama mgeni. Viatu vya mkewe mlangoni. Chupa ya chai ambayo yeye hakujua hata inavyofunguliwa. Miaka thelathini na minne ya ndoa! Alijaribu kuiona nyumba hiyo bila mtu huyo ndani yake, akashindwa, akakaa kitini na kofia yake kichwani mpaka jua likazama.

Hakuuliza. Mkewe aliporudi kutoka likizo, saa tisa na nusu ilipita tena bila honi. Mizani alimchunguza getini: hakunusa manukato, alinusa dawa ya hospitali. Macho ya mkewe yalikuwa mekundu kidogo. Alijibu maswali yote. Mizani akazidi kutoelewa.

Jumatano daftari likajaa. Saa kumi kasoro dakika tano Mizani alivaa kandambili akaenda kununua jingine kwenye duka la vifaa vya shule, mtaa wa pili. Alipokwisha kulinunua, akapita nyuma ya karakana ya maseremala ili awahi honi. Na hapo, kwenye kivuli cha ukuta wa karakana, akaliona gari lake.

Vioo vilikuwa vimefungwa. Injini ilikuwa inanguruma polepole, na maji ya kiyoyozi yalikuwa yanadondoka mchangani, yameshafanya kidimbwi cha siku nyingi. Akasogea, akachungulia.

Mkewe alikuwa peke yake. Kiti amekilaza, viatu amevua, miguu iliyovimba ameiweka juu ya dashibodi. Hakuwa amelala. Alikuwa akiutazama ukuta. Mizani alipumua kwa faraja, kisha akachanganyikiwa upya, vibaya kuliko mwanzo. Kama hakuna mtu, basi kuna nini? Akagonga kioo.

Mkewe hakushtuka. Aliinua kiti, akavaa kiatu kimoja, cha pili. Akainama kwenye dashibodi, kisha akashusha kioo.

"Elfu themanini na nne, mia sita na tatu," alisema. "Kiyoyozi nimewasha. Sikupakia mtu."

"Sijakuuliza kitu, mama watoto."

"Utauliza."

"Unafanya nini hapa? Nyumbani si hapo tu, hatua mia mbili!"

"Nakaa." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha mumewe. "Nakaa kidogo kabla ya kuja getini. Kuna siku naweza kuja moja kwa moja, kuna siku siwezi. Leo nimezalisha wanne. Mmoja hakulia. Nimemsugua, nimempulizia, nimemsugua tena, mama yake ananitazama. Hakulia. Nikawasha gari nikajisemea, sasa naenda nyumbani kuulizwa ngapi."

Mizani alilitazama daftari jipya mkononi mwake. Mafuta yalianza kupotea baada ya yeye kuanza kusimama getini. Kadiri yalivyopotea ndivyo alivyozidi kuuliza, na kadiri alivyozidi kuuliza ndivyo mkewe alivyozidi kukaa hapa. Lita nne zile alikuwa akizimwaga mwenyewe. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Akazunguka upande wa pili, akafungua mlango, akaketi. Daftari akalikalia. Maji yakaendelea kudondoka nje.

"Yule mtoto," alisema hatimaye, "alikuwa wa kike au wa kiume?"

Mkewe aligeuka akamtazama. "Wa kike," alisema. "Alikuwa na nywele nyingi." Kisha machozi yakamtoka, akanyoosha mkono kwenye ufunguo azime injini waende nyumbani.

Mizani aliushika mkono ule.

"Acha iwake," alisema.