Jina Lisiloitikiwa

…na sasa hata kile kiamri cha kompyuta cha kuonyesha mafaili kimegoma, Gwantwa amesema hivyo bila kugeuza shingo, "Bibi, usiguse waya huo," kana kwamba Alinanuswe ametoka Isansa mpaka Mlowo kuja kugusa nyaya, yeye amekuja kutoa jibu, washenga wa Ileje wanafika kesho kumposa Gwantwa, na mjukuu huyu ameuliza mara tatu, baba yangu hayupo, wakibisha hodi watamwita nani, na mara zote tatu yeye amejibu kwa kukohoa… kioo cheusi, herufi nyeupe, mstari ule ule unarudi, maktaba haipatikani, maktaba gani, stationari yenyewe haina hata kitabu cha nyimbo, "Siyo ya vitabu, mke mwenzangu, ni faili ambalo programu zote hulitegemea, nimeweka toleo jipya, la zamani nikalifuta," akalifuta, mtu anabomoa jiko na mvua inanyesha, "Jipya limo humu humu, tena zima, ila programu bado zinaliita kwa jina la zamani, hakuna anayeitika," hakuna anayeitika… hapo akamkumbuka Ezron, mwanawe, baba wa Gwantwa, matanga yake, wazee wa ukoo mkekani, na Sadoki mdogo wake ameinamisha kichwa tayari kurithi jina la marehemu kama desturi, avishwe koti, awe Ezron, awe baba wa watoto wale, na yeye mama mtu akasimama, jina la mwanangu si nguo ya mnadani, mwaka wa sita huu, koti liko msumarini, panya wametafuna kola, Sadoki analima kahawa pale pale ng'ambo ya mfereji, mzima, mikono miwili, na watoto wanaita baba kwenye nyumba isiyoitika… "Si ulipatie hilo jipya jina la marehemu?" "Ndiyo dawa yenyewe, Bibi, ila hata amri ya kutoa jina inaitegemea maktaba ile ile, na dirisha hili ndilo pekee lililobaki hai, nikilifunga tumekwisha, natafuta kiamri kimoja kidogo, kimejibebea kila kitu chake, hakimtegemei mtu," mmh, kizee basi, kizee chenye mdomo, yeye mwenyewe, ndicho kilichosimama mkekani kikafunga mlango, nani mwingine ataufungua, wale wazee wanamwogopa mpaka leo, na siku Sadoki atakapoitika kwa jina hilo ndipo Ezron atakuwa amekufa kweli, basi na afe, wafu hawapokei washenga… "Bado haipatikani," anasema Gwantwa, mstari ule ule, herufi zile zile, na Alinanuswe anakohoa tena, lakini safari hii anapima mabega, Sadoki mwembamba, koti litampwaya, mikono itakunjwa, na ile kola, uzi mweusi anao, sindano anayo.