Zahanati Isiyotaka Chumvi

Usiku wa kuamkia leo niliota niko kwenye foleni ya zahanati, na dada yangu nimemkunja mara nne, nimemtia kwapani kama kanga iliyotoka kupigwa pasi.

Sikushangaa. Dada Mwanakombo yuko kwangu hapa Muheza tangu tumzike mumewe, shemeji Mbaruku, na hii ni wiki ya sita hali chakula cha maana. Uji vijiko viwili, chai nusu kikombe, basi, anageukia ukutani. Tunalala chumba kimoja, yeye kitandani, mimi kwenye godoro chini, na mume wangu Abedi tumemhamishia sebuleni, kwenye kochi lililo fupi kuliko miguu yake. Mtu asipokula wiki sita hukunjika. Nilichoogopa mimi ni wiki ya saba, nisije nikamkunja tena mara moja asionekane kabisa.

Kwenye dirisha la kuandikishia alikaa chupa ya chai, ile ya maua mekundu, amevaa miwani.

"Jina?"

"Siwema."

Chupa alifungua kifuniko, akatoa mvuke kidogo, akafunga. "Mama, zahanati hii ni ya wema. Wewe mwenyewe umesema si wema."

"Ni jina nililopewa na bibi yangu."

"Bibi yako tumemwandikia barua mara mbili kuhusu jambo hilo. Hajajibu."

"Amefariki."

"Hiyo si sababu," akasema chupa, akanigonga muhuri kwenye paji la uso. "Kakae kwenye benchi. Usiguse kitu."

Benchi lilikuwa na haraka zake, kwa hiyo tulikaa huku linatembea. Linapita katikati ya shamba la machungwa, linaomba radhi, linapita sokoni, linapita chumbani kwa jirani yangu Bi Tatu aliyelala, naye anasogeza miguu tupite. Kulia kwangu kuna bwana mwenye plasta mguuni. Kushoto kuna jino. Limekuja peke yake, mwenyewe kabaki nyumbani.

Bwana anaanza kumhadithia jino. "Mwaka ule wa mvua mbuzi wangu alikuwa anazaa. Jirani yangu Shemboko akasimama uani kwangu kutwa nzima, amemfunika kwa mwamvuli. Yeye mwenyewe akalowa hadi soksi."

Plasta inapasuka, twaa! Bwana anasimama, anazunguka benchi kwa hatua za mduara huku anamtaja Shemboko kwa sauti. Jino nalo linashusha pumzi. Limepona kwa kusikiliza tu.

"Ndivyo mnavyotibu?" nilimuuliza daktari. Daktari alikuwa mzani wa dukani, ule wa sahani mbili, na koti jeupe lilimning'inia upande mmoja.

"Hatuna dawa nyingine. Wema aliotendewa mtu unasimuliwa mbele ya mgonjwa, kutwa mara tatu. Tikisa mgonjwa kabla ya kutumia."

Nilimtikisa dada.

"Masharti ni mawili," aliendelea mzani. "Msimuliaji awe ndiye aliyetendewa. Na usitie chumvi."

"Nitajuaje kama dawa imeshika?"

"Chumvi ataomba mgonjwa mwenyewe."

Akanituma stoo nikauchukue wema wa dada. Mtunza stoo alikuwa mwiko mrefu, mwembamba, mwenye adabu kupita kiasi. Rafu zilijaa mitungi ya wema wa watu, mingine inacheka kwa ndani, mmoja ulikuwa unapiga vigelegele hadi wenzake wamelalamika. Rafu ya dada yangu ilikuwa ndefu kuliko zote. Mitungi yote ilikuwa mitupu, na kila mmoja umebandikwa karatasi: SI KITU.

"Huyu kila akiambiwa asante hujibu si kitu," alieleza mwiko. "Sisi tunaandika anachosema mtu. Hapa alimuuguza mama mkwe wake miaka minne. Si kitu. Hapa aligawa doti zake zote za kanga, majirani walipoingiliwa na mafuriko. Si kitu. Na hapa..." Aliingiza kichwa kwenye mtungi wa mwisho, akanusa. "Huu unanuka moshi. Halafu una jina lako, mama."

Niliujua mtungi huo. Nikatamani kuamka hapo hapo, lakini muhuri wangu ulikuwa haujakauka.

Nilipogeuka, stoo ilikuwa jiko la mama yetu, miaka ishirini na sita iliyopita. Sebuleni, mkekani, wamekaa shangazi watatu wa Abedi. Wamekuja kuniona, na kwao ni desturi mwali apike mwenyewe, waonje, ndipo walete posa. Juu ya mafiga sufuria ya pilau inalia.

"Nilikwambia naungua," sufuria inaniambia. "Ulikuwa wapi?"

"Dirishani."

"Unafanya nini?"

"Namwangalia Abedi. Amewasindikiza shangazi zake."

"Naye anafanya nini huko nje?"

"Anafunga kamba ya kiatu."

"Pilau nzima!" sufuria ikalia upya. "Kwa kamba ya kiatu!"

Mzani aliingia bila kubisha, dada yangu amekunjwa kwenye sahani moja, mtungi mtupu kwenye nyingine. "Simulia," akasema.

Nilikohoa. "Siku hiyo palivuma upepo mkali sana, kuni zikawaka zenyewe..."

Chumvi ikanimwagika mdomoni. Chumvi ya mawe, ile ya kutia samaki. Ikafunika sakafu, ikafika kwenye vifundo vya miguu.

"Nilitaka kusema kwamba mimi na dada tulikuwa tumekubaliana..."

Ikafika magotini. Shangazi watatu wakainua mkeka wao wakaendelea kukaa juu yake bila wasiwasi. Kwa mbali nilimsikia chupa ya chai akipiga kelele: "Mama Siwema, unatuzamishia wagonjwa!" Na pale kwenye sahani dada yangu alijikunja mara ya tano. Sasa alikuwa mdogo kuliko leso.

Hapo niliogopa kweli. Nilimpenda dada yangu siku zote, lakini sikuwahi kumpenda kwa hofu namna ile.

"Niliunguza mimi!" nikasema, kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. "Pilau niliunguza mimi! Nilikuwa nalia jikoni, shangazi mkubwa akauliza nani kaunguza. Dada akatoka uani, mikono ina povu la sabuni, akasema ni mimi. Akasema mdogo wangu kapika vizuri, kaniachia moto, nikasahau. Wakacheka, wakala ya juu juu, wakanichumbia. Naye wakampa jina, Ukoko. Hadi leo kwenye shughuli zote za ukoo wanasema Ukoko asikaribie jiko. Miaka ishirini na sita wanamwachia kuosha vyombo, na hakuna mpishi kama yeye kati yetu! Na mimi nimemwita Ukoko. Nimemwita mbele ya mumewe, nikacheka na wenzangu. Asante nilimwambia mara moja tu, kwa kunong'ona, akanijibu si kitu. Nami nikafurahi kwamba si kitu."

Chumvi ilisimama. Kisha ikaanza kupungua, ikitoka kwa mstari mlangoni, punje kwa punje.

"Kumbe!" wakasema shangazi watatu kwa pamoja.

"Sasa posa tuirudishe?" aliuliza wa katikati.

"Ameshazaa watoto wanne," sufuria ikamjibu.

"Basi tena," akasema shangazi, akajipakulia.

Kwenye mtungi, neno SI lilibanduka kwenye karatasi, likampa kila mtu mkono, likaaga, likaondoka. Likabaki KITU. Sahani ya mtungi ikashuka kwa kishindo, na ile ya dada ikarushwa juu hadi darini. Naye huko juu akaanza kukunjuka. Kunjo la kwanza, mguu. La pili, mgongo. Shangazi wanapiga vigelegele, jino linapiga makofi sijui kwa nini, mwiko amesahau adabu zake anakatika mauno.

"Na hili SI la jina lako tuliondoe?" chupa ya chai akaniuliza, kifutio mkononi.

"Liache. Ni la bibi."

Dada amebakiza kunjo moja. Anafungua jicho, ananitazama chini pale nilipo. "Siwema," anasema, "mbona unapiga kelele hivyo?"

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Abedi alisimama mlangoni, kajifunga shuka, ananitazama kama mtu aliyesomewa mashtaka yasiyomhusu.

"Kumbe ni wewe," akasema.

"Nimesema kwa sauti?"

"Hadi Bi Tatu ameuliza kupitia ukutani kama kuna msiba." Alikaza fundo la shuka. "Ile kamba ya kiatu. Mimi sikujua kama naangaliwa."

Niligeuka kumtazama dada. Kitanda kilikuwa kitupu, na shuka limekunjwa mara nne, limewekwa juu ya mto. Moyo ulinishuka hadi kwenye godoro.

Ndipo kikaanguka kifuniko jikoni, na sauti niliyokuwa sijaisikia wiki sita ikapita ukumbini.

"Siwema! Humu ndani chumvi mnaweka wapi? Kopo hili tupu!"

Kopo hilo nililijaza jana mwenyewe. Nilitia mkono kwenye mto wangu. Chini ya shavu, pale mdomo ulipokuwa, kulikuwa na chumvi ya mawe, kiasi cha kujaa kiganja. Niliikusanya yote, hata iliyoingia kwenye mshono wa foronya, nikampita Abedi bila kumweleza.

Dada alikuwa amesimama jikoni na kanga ya kulalia, amekonda, nywele timtim, anakaanga vitunguu. Pembeni mchele umekwisha kuoshwa. Kulikuwa na binzari ya pilau kwenye kinu.

"Pilau saa moja asubuhi, dada?"

"Nina njaa."

Nikamtilia chumvi kiganjani. Aliitazama, akainusa, hakuuliza imetoka wapi.

"Asante, dada," nikasema. "Asante ya siku ile."

Nilingoja. Nilijua anachosema kila mara, na nilikuwa nimejiandaa kukibisha. Aligeuza vitunguu upande huu, akavigeuza upande ule, macho yamemjaa moshi na yasiyo moshi.

"Ilikuwa sufuria nzima, Siwema," akasema.

Kisha akanishikisha mwiko. "Haya, angalia moto. Safari hii dirishani naenda mimi."