Siku Mzee Halvorsen Alipolala Chini

Gordon Halvorsen alikuwa mwalimu mkuu wa sekondari hapa Milwaukee kwa miaka mingi, na hata alipostaafu hakuacha kuvaa tai. Aliyependa mbwa ni mkewe, Marlys. Ndiye aliyekwenda kwenye kituo cha mbwa waliotelekezwa akarudi na jike mweupe mwenye sikio moja la kahawia, akamwita Kringle, kama ule mkate mtamu wa Jumapili. Kringle alizaliwa kiziwi. Marlys akamfundisha kwa ishara za mikono, na Gordon akasema wazi kwamba yeye ameshafundisha watoto wa watu vya kutosha, huyo mnyama ni wa mkewe.

Basi Oktoba ile Marlys akateleza kwenye ngazi za nyuma ya nyumba, akavunjika kifundo cha mguu, akafungwa plasta. Kringle alipokosa mahali pa kukimbia alianza kutafuna miguu ya kochi. Gordon hakuwa na ujanja. Akachukua kamba, akamleta kwenye bustani ya mbwa, ambako Marlys ndiye aliyezoea kumleta.

Sisi wa jioni tulimwona akiingia. Pale kwetu mbwa akishapita geti la pili anafunguliwa kamba, anakuwa huru mpaka wakati wa kwenda nyumbani, na wenyewe tunasimama tukipiga soga. Watu hatuitani kwa majina yetu ila kwa ya mbwa wetu. Mimi ni Baba Otto, na Rosalba, dereva wa basi la shule, ni Mama Frijol, kwa sababu ya kijibwa chake cheusi chenye uso uliokunjamana. Rosalba ndiye aliyemkaribisha.

"Karibu, Baba Kringle. Mama yuko wapi leo?"

"Mimi naitwa Halvorsen," Gordon akajibu, kisha akaeleza habari za mguu wa mkewe kwa maneno machache, akaenda kusimama peke yake kando ya uzio. Kringle alikuwa ameshafika upande wa pili wa uwanja, anafukuzana na mbwa mmoja mkubwa kama ndama.

Ulipofika muda wa kuondoka, Gordon akasafisha koo.

"Kringle. Njoo hapa mara moja."

Hakupiga kelele, lakini ilikuwa sauti iliyokwisha kunyamazisha madarasa na kumbi. Frijol akakaa kitako. Otto wangu akakaa. Mimi mwenyewe nikajikuta nimetoa mikono mfukoni. Kringle hakugeuza hata sikio.

"Mwalimu," Rosalba akasema kwa upole, "huyo si hasikii?"

"Najua."

"Sasa unamwitia nini?"

Gordon akaona aibu, akaamua kumfuata. Hilo lilikuwa kosa, kwa maana Kringle alidhani ndio mchezo umeanza. Anamsubiri mpaka amkaribie, anainamisha kifua, anainua matako, halafu huyoo. Tukajaribu kumsaidia. Tulimzunguka, tukampungia mikono, nikatoa hata jibini yangu, ambayo ililiwa na mbwa wote isipokuwa yeye. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya miti na mzee wa watu alikuwa anahema. Mwishowe akatoa simu, akampigia mkewe, na kwa kuwa alikuwa ameishika mbali na sikio, sote tukasikia.

"Lala chini, Gordon," Marlys akasema.

"Nilale wapi?"

"Hapo hapo ulipo. Chali. Mimi kila jioni nikilala kwenye zulia kunyoosha mgongo, haniachi hata dakika."

"Marlys, nimevaa koti zuri."

"Livue."

"Kuna watu hapa."

"Watu wenyewe wamekuja kuzoa mavi, Gordon. Lala."

Akatutazama. Kila mmoja wetu akatafuta kitu kingine cha kutazama. Akaanza kushuka polepole, goti moja, kisha la pili, kama mtu anayeingia kwenye maji baridi, mpaka akanyooka juu ya majani makavu ya miti, tai kifuani, macho mbinguni.

Kringle akasimama. Akamtazama yule mtu aliyelala. Akaja akinusa, kiatu, goti, mfuko, kisha akamrukia kifuani na kuanza kumlamba uso. Na mbwa wengine, walipoona kuna sherehe, wakaja wote mbio. Tukasikia sauti ya ajabu kutoka chini ya mikia ile, tukaogopa kwamba ameumia. Nilipowasukuma mbwa nikakuta anacheka. Anacheka mpaka machozi yanamtiririka masikioni, na huku Marlys anaita kwenye simu iliyozama majanini, anauliza kuna nini huko.

"Hebu tuone," Rosalba akasema, naye akajilaza. Mimi magoti yangu hayataki mambo hayo, lakini nililala. Wengine wakafuata. Tukawa tumelala uwanja mzima watu wazima na akili zetu, mbwa wanatukanyaga, na hakuna aliyekuwa na haraka tena ya kwenda popote. Kwa furaha ile Gordon akasahau kumfunga kamba Kringle, mbwa akatoroka tena, ikabidi mzee alale mara ya pili. Safari hii hakuhitaji kuambiwa.

Kesho yake alirudi na koti kuukuu la kufanyia kazi za bustani. Keshokutwa pia. Jioni nyumbani, alitueleza, Marlys akiwa ameinua mguu kitini humfundisha zile ishara, na akikosea humrudisha mwanzo bila huruma.

Marlys mwenyewe alikuja Novemba, plasta imekatwa, ameshika fimbo. Tulimkalisha kwenye benchi na Rosalba akamletea chupa ya chai na kikombe. Gordon akaenda mpaka mwisho wa uwanja, akangoja Kringle amtazame, akaweka kiganja kifuani. Kringle akaacha kila kitu, akaja kama mshale, akakaa miguuni pake. Gordon akageuka kumtafuta mkewe kwa macho.

"Umeona?"

"Nilikuwa namimina chai," Marlys akasema.

"Basi weka kikombe chini," akamwambia, na akamwachia mbwa aende tena.