Nyar Alego na Simu Isiyokatwa Kitovu

Kila mwaka, Novemba ikinukia tu, Absalom hushikwa na ugonjwa wake. Simu aliyoibusu mwaka jana inaanza kuwa nzito mkononi. Kamera yake inaanza kuona ukungu. Chaji inaisha kabla ya chai ya saa nne. Ukimuuliza simu ina shida gani, atakuambia, "Imezeeka." Imezeeka! Kitu cha miezi kumi na miwili, ambacho kingekuwa mtoto kingekuwa bado kinatambaa!

Aliyekuwa akipokea hao wazee wa miezi kumi na miwili ni mama yake, Dorca, mjane wa miaka sabini na miwili ambaye bado alipanda juu ya stuli kupaka nyumba yake rangi. Absalom alikaa Migosi, Kisumu mjini, na mkewe Winny, akiuza bima. Dorca alikaa nyumbani, mbele ya Bondo kidogo, pale barabara inapoteremka kuelekea ziwani. Simu mpya ikiingia Migosi, ile ya jana huteremshwa kijijini, kama kaptula ya kaka inavyomshukia mdogo wake.

Dorca alikuwa ameshapokea tano. Ya kwanza aliipika pamoja na omena, bahati mbaya. Ya pili alimpa mchungaji. Ya tatu alimpa jirani yake Nabututu. Ya nne ilianguka chooni, na hiyo hapendi kuizungumzia. Ya tano, nyeusi, ndiyo aliyoifunga kwenye leso kiunoni, na ndiyo iliyoleta maneno yote haya.

Zile nne za kwanza, Salim mwenye duka la simu mjini alizisafisha ndani kabla hazijateremka. Ya tano haikusafishwa. Absalom alimpa mama yake kwenye matanga ya shangazi, akiwa na haraka ya kurudi mjini. Alichomoa laini yake, akachomeka ya mama, akaanza kumnunulia bando kila mwezi ili wapigiane wakionana, akaondoka.

Baada ya wiki moja Dorca alikuwa anatafuta picha zake za kwaya. Badala ya kwaya akaona ngege mzima wa kukaanga, amelala juu ya sahani na sukuma pembeni. Akageuza simu, akaangalia nyuma yake, kama samaki ameingilia huko. Kesho yake akaona viatu vyeupe vipya. Keshokutwa Absalom mwenyewe, amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba.

Akampelekea Nabututu, ambaye alizaliwa Bungoma, akaolewa huku kwenye ziwa, akauza omena ufukweni mpaka akajua kila kitu.

"Mama Absalom," Nabututu alisema akipangusa vidole, "kijana wako alikupa simu kabla ya kuikata kitovu. Jina lake bado limo humu. Akipiga picha kule, huku nako inatokea."

"Kila picha?"

"Kila picha. Tulitoe hilo jina?"

Dorca alimtazama tena yule ngege. Alikuwa ameiva vizuri.

"Tusiwe na haraka," alisema.

Mwaka ule ukawa mtamu. Mchana mmoja alimpigia mwanawe simu.

"Mama, niko kwa mkutano," Absalom alinong'ona.

"Kitendawili."

"Mama, mkutano."

"Kitendawili, nimesema!"

"Haya. Tega."

"Ana macho mawili, lakini hamwoni anayemla."

Absalom alimeza kitu. "Sijui. Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Chukua Nairobi."

"Nairobi nimepokea. Jibu ni samaki, aliye mbele yako. Ukimaliza upande huo mgeuze, usiache nyama ya shavu."

Upande wa pili uma ukaanguka kwenye sahani.

Baada ya mara mbili tatu hivi, Absalom akaanza kumwogopa mama yake. Alimwambia Winny kwamba tangu mama ajiunge na maombi ya Jumatano ameanza kuonyeshwa mambo. Akapunguza uongo, si kwa kutaka. Dorca naye alijifunga leso yake, akaenda kukamua.

Aliyekamuliwa ni Nyar Alego. Huyu ng'ombe alikuja siku ya mahari ya Debra, bintiye Dorca aliyeolewa Alego, na ndiyo sababu ya jina lake, binti wa Alego. Ng'ombe wengine wa siku ile walikuwa wa ukoo. Huyu mmoja, mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji, mkwe alimkabidhi Dorca kamba yake mkononi mbele ya watu: huyu ni wa mama. Tangu mzee afariki, Nyar Alego ndiye aliyesikiliza habari za jioni. Dorca alimweleza nani amegombana na nani kanisani, na Nyar Alego alitafuna, akavuta pumzi, akatafuna tena. Hakuwahi kumkatiza hata siku moja. Ni watu wangapi unaoweza kuwasema hivyo?

Novemba ikafika. Jumapili moja Absalom akatokea nyumbani bila kusema, na mikate miwili na sukari. Aliamkia, akanywa chai, kisha akaenda zizini. Akampiga Nyar Alego picha ya mbele. Akapiga ya nyuma. Akainama akapiga kiwele. Halafu, yawa, akamshika mdomo akapiga na meno.

"Hizo picha ni za nini?" Dorca aliuliza.

"Kumbukumbu tu, Mama."

"Meno ya ng'ombe ni kumbukumbu?"

"Siku hizi watu wanapiga kila kitu."

Jumanne asubuhi, mtandao uliporudi, picha zikafika kiunoni kwa Dorca, moja baada ya nyingine: uso, mkia, kiwele, meno. Baada ya hizo ikaja simu nyingine, ya bluu, imewekwa dukani kwa Salim nyuma ya kioo, na karatasi ndogo juu yake: ABSALOM, JUMAMOSI. Na nyuma ya hiyo ikaja picha ya mazungumzo. Absalom alikuwa ameyapiga picha ili amwonyeshe Salim kwamba pesa ziko njiani. Dorca alivaa miwani, akaweka kidole chini ya kila neno, vile mwalimu wa darasa la sita alivyomfundisha.

*Mimi Wasike wa bucha, Muhoroni. Ng'ombe nimempenda. Jumamosi saa nne niko hapo na lori. Mama yako anajua?*

*Usijali. Mama nitamwambia anaenda kwa daktari wa mifugo. Baadaye nitamwambia alikufa akitibiwa.*

Dorca alikunja miwani. Alikwenda zizini akasimama kitambo bila kusimulia chochote, na Nyar Alego akamwangalia kwa mshangao.

Nabututu aliposoma alipiga mapaja. "Mpigie sasa hivi! Umtukane mpaka chaji iishe! Ama twende kwa chifu."

"Nikimtukana leo, leo ataomba msamaha," Dorca alisema. "Novemba ijayo itafika tena, na mimi nitakuwa nimelala mchana. Mwache aje."

Alhamisi Absalom akapiga. Sauti yake ilikuwa laini, ile ya kuuzia watu bima.

"Mama, nimefikiria afya ya Nyar Alego. Kuna daktari mzuri wa mifugo. Atakuja Jumamosi amchukue siku mbili tatu, amwangalie."

"Mungu akubariki, nyathina. Hata ng'ombe sasa umemkatia bima?"

"Ni mapenzi tu, Mama."

"Nimeyaona. Kitendawili."

"...Tega."

"Anaenda hospitali na miguu minne, anarudi hana hata mmoja."

Absalom alikohoa. Alikohoa tena. "Nimeshindwa, Mama."

"Nipe mji."

"Chukua Mombasa."

"Kuna joto. Sitaki."

"Nakuru?"

"Baridi itaniua."

"Sasa wewe unataka mji gani?"

"Nipe Muhoroni."

Absalom alikohoa mara ya tatu.

"Kwa nini Muhoroni?"

"Nasikia miwa yake ni mitamu."

"Chukua," Absalom alisema kwa sauti ya mtu aliyefungiwa ndani ya debe.

Mwingine hapo angeacha. Lakini ile simu ya bluu ilikuwa kwenye kioo, na jina lake juu.

Jumamosi saa nne lori likaingia. Absalom alishuka kwanza, na viatu vyake vyeupe. Nyuma yake akashuka Wasike, mwanamume mkubwa mwenye sauti ndogo na adabu nyingi, akamshika Dorca mkono kwa mikono miwili.

"Karibu, daktari," Dorca alisema.

Wasike aliangalia nyuma yake. "Daktari?"

"Ndiyo, ndiyo, daktari," Absalom alidakia, akimkanyaga mguu.

"Haya, daktari, mgonjwa ni huyu. Anaumwa wapi?"

Wasike alimzunguka Nyar Alego. Jicho la kazi likamshinda akili. "Hapa nyuma," alisema akipapasa paja. "Hapa ni pazuri sana. Kama kilo mia mbili na..." Akameza iliyobaki.

"Na dawa yake?"

"Dawa... ni ya kunywa, mama."

Nabututu, aliyekuwa amekuja eti kuomba moto, aligeukia ukuta mabega yakimtikisika.

Wakampandisha Nyar Alego. Hakutaka. Absalom ilibidi asukume kwa bega, na pale ndipo Nyar Alego alipofanya lile ambalo ng'ombe hufanya akisukumwa, na viatu vyeupe havikuwa vyeupe tena. Walipofunga mlango wa nyuma na kupangusa jasho, Dorca hakuwepo uani.

Akatoka ndani. Alikuwa amevaa gauni la Pasaka na kofia yake. Mkono mmoja mkoba na mfuko wa nguo, mwingine stuli, na chini ya kwapa kuku. Akapita katikati yao, akapanda mbele karibu na kiti cha dereva, akapanga vitu vyake, akafunga mlango.

"Mama, unaenda wapi?" Absalom aliuliza.

"Anakoenda Nyar Alego."

"Kwa daktari? Si atarudi?"

"Akirudi, tutarudi. Ng'ombe wa mama aliyeletwa na mahari hapaswi kulala mahali pengine bila mama. Kwani hujui desturi?"

Absalom alifungua mdomo. Alipelekwa shule ya bweni akiwa na miaka kumi, na akiwa likizo alicheza mpira. Desturi alizozijua hazijazi kiganja, na hakuwa na ya kumpingia mama yake. Akamgeukia Nabututu amwokoe.

Nabututu alikuwa hajawahi kusikia jambo kama hilo tangu azaliwe. Akatikisa kichwa polepole kama mzee wa kanisa. "Hiyo iko. Hata kwetu Bungoma iko."

"Kwetu iko?" Wasike alishtuka, maana kwao ni huko huko.

"Wewe umekaa kwenye miwa sana, ndugu yangu. Umesahau."

Dorca alitoa kichwa dirishani. "Daktari, tujuane mapema. Chai yangu ni ya maziwa, sukari vijiko vitatu. Maji ya kuoga yawe vuguvugu. Usiku nakohoa. Saa kumi na moja alfajiri naanza nyimbo, na kuku huyu ananisaidia. Mke wako anaitwa nani, nimzoee?"

Jasho lilimtoka Wasike. "Bwana Absalom. Uliniambia mama anajua."

"Anajua," Absalom alisema kwa unyonge.

"Najua," Dorca alikubali. "Najua hakuna daktari hapa. Najua Nyar Alego alikuwa afe akitibiwa. Na ile simu ya bluu kwa Salim, nayo naijua. Jina lako wameliandika vizuri, herufi kubwa."

Absalom aliketi chini, pale pale uani. Alikuwa na miaka arobaini na moja, na alionekana kama ana tisa. "Nisamehe, Mama," alisema mwishowe. "Nilifikiri ni ng'ombe tu."

"Na ile yako ni simu tu. Mbona hukuiuza hiyo?"

Absalom aliiangalia simu mkononi, ya mwaka jana, na kusema kweli ilikuwa inang'aa.

"Mimi," Wasike alisema, akirudi nyuma hatua moja, "sinunui ng'ombe mwenye mama ndani. Bwana, zile pesa nilizotanguliza utanirudishia leo. Mama, tafadhali ushuke, tumteremshe ng'ombe wako."

"Nani alikuambia, Mama?" Absalom aliuliza. "Ni Winny?"

"Mwache Winny. Ni wewe mwenyewe uliniambia."

"Mimi?"

"Wewe. Moja baada ya nyingine, mpaka meno."

Absalom alisimama, akaenda pembeni, wakamsikia akimpigia mkewe simu: "Winny, mimi huongea usiku nikilala?"

Nabututu alifungua mlango wa lori. "Haya, mama Absalom, shuka."

"Nishuke nikafanye nini?" Dorca alisema, akiiweka kofia yake sawa. "Nimeoga. Nimevaa viatu. Tangu niolewe sijaketi mbele ya gari hata siku moja, huwa nabanwa nyuma na magunia. Bwana Wasike, kufika Bondo na kurudi ni dakika ngapi?"

Wasike aliangalia gari lake, akamwangalia yule mama, akacheka kwa mara ya kwanza. "Si nyingi, mama. Na ng'ombe?"

"Aone mji. Lakini anaogopa kutikiswa. Kuna mtu itabidi asimame naye amshike kamba."

Wote wakamtazama Absalom.

Ikawa siku ya soko, na saa ambayo wanafunzi wa chuo wamemwagika barabarani. Lori liliingia Bondo taratibu. Mbele aliketi Dorca na kuku wake, akiwapungia watu mkono, hata wasiomjua. Nyuma alisimama Absalom wa bima, amemkumbatia Nyar Alego shingoni kwa sababu kila kona ilimtikisa, shati limejaa mate ya ng'ombe. Msichana mmoja wa chuo akamwona, akapiga kelele kuwaita wenzake. Simu zikatoka mifukoni kumi, ishirini, za kila rangi.

"Uncle! Angalia huku! Cheka kidogo!"

Absalom alijaribu kuficha uso nyuma ya sikio la Nyar Alego. Sikio halikutosha.

Dorca aligonga dashibodi kwa kidole.

"Bwana Wasike, punguza mwendo kidogo. Watoto wanapiga picha."