Tangi Lililosuuzwa Mara Moja

Jumanne, tarehe kumi na nne Mei. Asubuhi hiyo mawingu yalikuwa yameshuka karibu na mabati na upepo haukuvuma hata kidogo. Nilikuwa nikipaka geti rangi, lakini kila nilipovuta pumzi nilinusa petroli.

Tangi la pikapu lililotoboka lilikuwa katikati ya karakana yetu, juu ya matofali. Mdogo wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Chapchap, alikuwa amelisuuza mara moja tu, na waya wa mashine ya kuchomelea ulikuwa tayari umebanwa juu yake. Kilichomzuia ni umeme. Ulikuwa umekatika.

"Lijaze maji, mdogo wangu," nilimwambia. "Yamwage, ulijaze tena, kisha lishinde wazi. Utaliziba kesho."

"Kesho?" dereva wa pikapu alidakia. "Mama, nimebeba nyanya, si misumari!"

Chapchap akacheka. "Dada hata chai anaiombea mpaka inapoa. Tangi tupu hili, kaka. Umeme ukirudi tu, dakika tano."

Mtaa wa nyuma kuna karakana isiyo na paa. Fundi wake naye alisema tangi ni tupu. Petroli ikiisha, mvuke wake hubaki, na cheche moja inautosha. Chapchap alijua hayo, tulifundishwa pamoja. Lakini dereva alikuwa akimmwagia sifa, na sifa zilikuwa zimempanda kichwani.

Niliinamia geti, nikasali kimya: Mungu wangu, umeme usirudi.

Fundi viatu wa jirani aliacha kugonga. "Chapchap," aliita, "mimi bado nina watoto wa kusomesha, ujue."

"Wasomeshe! Nani amekukataza?"

Ndipo taa ya juu ya mlango ikawaka. Mashine ikaanza kunguruma.

Chapchap alishusha kinyago usoni. Niliweka brashi chini, nikaenda kukaa juu ya tangi. Lilikuwa la baridi, na likalia kidogo nilipolikalia.

"Dada, toka hapo."

"Si umesema ni tupu? Washa."

"Usinitanie, dada."

"Sitanii. Nimeshasali. Washa."

Mkono wake ulikuwa shibiri moja kutoka kwenye chuma. Nilipogeuza macho, dereva alikuwa ng'ambo ya barabara, sikumwona akiondoka.

Chapchap alirudi nyuma taratibu, akazima mashine, akavua kinyago. Uso wote ulikuwa jasho.

"Sasa sema kwa sauti utakachofanya," nilimwambia bila kuinuka. "Fundi viatu asikie, na yule wa ng'ambo pia asikie."

Aligeukia barabara.

"Tangi hili litajazwa maji na kumwagwa, tena na tena, hata zipite siku mbili," alisema. "Na tangi lolote litakaloletwa hapa, sitaligusa kwa moto kabla dada hajalikagua. Mungu ananisikia, na nyinyi mnanisikia."